Sony Walifunga Duka, Wadukuzi Wakabaki na Funguo: Risto ya MiniDisc na Vile Inakuhusu

Januari 2025 Sony walitoa tangazo fupi kule Japani. Kuanzia Februari hawatatengeneza tena diski tupu za MiniDisc. Kwa hiyo orodha kulikuwa pia na Blu-ray za kurekodi na kaseti za MiniDV, zile za kamera za harusi za kitambo. Hakuna mrithi, hakuna mbadala, asanteni kwa kuja. Wasee wengi walipita hiyo habari vile mtu hupita tangazo la kifo cha mtu hamjui.

Na ukweli ni kwamba marehemu alikuwa ameugua sana. Sony waliacha kuuza Walkman za MiniDisc 2011, na kufika 2013 wakamalizana na mashine zilizobaki. Ile programu ya kompyuta ya kuweka ngoma kwa diski nayo ilikuwa imeachwa ikioza. Kwa hesabu ya kawaida, kila MiniDisc Walkman iliyobaki duniani ingefaa kuwa inazuia mlango usijifunge na upepo.

Lakini kwa ground vitu ni different. Leo ukichukua mashine ya 2002 uichomeke kwa kompyuta uliyonunua wiki jana, inaingiza ngoma bila stress kuliko ilivyofanya ikiwa mpya dukani. Tena kuna mashine zingine zinafanya kitu ambacho Sony walizizuia kufanya tangu zitoke kiwandani: zinarudisha sauti kutoka kwa diski hadi kwa kompyuta.

Hiyo kazi haikufanywa na Sony. Ilifanywa na wadukuzi, na usifikirie wale wa kukupigia simu wakitaka namba yako ya siri ya M-Pesa. Hawa ni wasee wa kujitolea, wametawanyika nchi tofauti, walikaa chini wakasikiliza vile kompyuta na mashine zinabonga kupitia waya ya USB, wakajifunza hiyo lugha neno kwa neno, halafu wakaifundisha dunia bure. Ukielewa ni kufuli gani walivunja na ni nani aliiweka, utaanza kuangalia hizo ngoma zako za kwa simu na jicho lingine.

Kwanza, hiyo kitu ni nini?

Kwa wale walizaliwa wakapata ngoma ziko ndani ya simu tayari: MiniDisc ilitoka Japani Novemba 1992. Ni kadiski ka milimita 64 ndani ya kasha la plastiki, unakashika kwa kiganja na nafasi inabaki. Kalibeba dakika 60 au 74 za muziki, baadaye 80. Na tofauti na CD ya kuchoma mara moja, hii unafuta na kurekodi tena. Sony walijigamba unaweza kurudia mpaka mara milioni moja.

Ujanja uko kwa vile inaandika. Lesa inapasha doa dogo sana la diski moto, na sumaku iliyo upande wa pili inaandika hapo kabla doa lipoe. Likipoa, limeshika. Ndio maana sumaku ya kawaida ya spika yako haiwezi kufuta hizo rekodi vile ingeharibu kaseti.

Pia ilikuwa haikwami hovyo. Mashine ilikuwa inasoma sekunde kadhaa mbele na kuziweka kwa memori, kwa hivyo hata ungekuwa ndani ya nganya inapita matuta bila breki, ngoma ingeendelea kudunda. CD ya kubebwa wakati huo ilikuwa inaruka ukikohoa tu.

Wajapani waliipenda sana. Waingereza walijaribu. Wamarekani hawakushtuka. Lakini kuna mbogi moja iliichukua mapema: watu wa kurekodi. Waandishi wa redio, bendi ndogo, wasee wa mahojiano. Mashine ya kuingia mfukoni, maikrofoni ndogo, sauti safi. Shika hiyo point, tutaihitaji.

Mlango wa kuingia tu

Shida ya MiniDisc ya kwanza ilikuwa time. Kuhamisha albamu ya dakika 74 ulikaa dakika 74, mashine ikisikiliza na kuandika. Hakukuwa na njia ya mkato. Ndio 2001 Sony wakaleta NetMD, mashine ya MiniDisc iliyo na USB. Kwa karatasi, hii ilikuwa moto: chomeka waya, tuma ngoma, hepa.

Kumbe waya ilikuja na masharti kama ya mkopo. Dunia nzima ilikuwa imeshahamia MP3, lakini NetMD haikuzitaka vile zilivyo. Ilibidi zipitie programu ya Sony wenyewe, kwanza OpenMG Jukebox halafu SonicStage, zigeuzwe kuwa ATRAC, ambayo ni mtindo wa Sony wa kubana sauti. Zikigeuzwa zinafungwa na kufuli ya kidijitali na kushikanishwa na hiyo kompyuta moja. Halafu unahesabiwa: ngoma moja ilikuwa inaruhusiwa kutoka kwenda kwa diski mara tatu. Ukitaka ya nne, rudisha moja kwanza, kama vitabu vya maktaba. Na hapa tunaongea hata kuhusu CD uliyonunua na doo yako mwenyewe.

Hiyo ilikuwa kero. Ile ya pili ndio ilikuwa dhambi. NetMD ilikuwa mlango wa kuingia tu. Ngoma zilitoka kwa kompyuta kwenda kwa diski, lakini hakuna kitu kilirudi. Sasa fikiria msee ameenda ocha kumrekodi nyanya yake akisimulia vile familia ilihama. Sauti ni ya nyanya, maikrofoni ni yake, diski ameinunua, mashine ameilipia, waya ya USB iko hapo mezani. Kompyuta inaiona diski, inasoma mpaka majina ya rekodi, lakini inakataa kuzichukua. Njia iliyobaki ilikuwa kuchomeka waya kwa tundu la hedifoni, ucheze rekodi mwanzo hadi mwisho, kompyuta ikisikiliza kutoka nje kama jirani mmbea.

Sony walikuja kulegeza mambo polepole. 2004 walileta Hi-MD, diski ya gigabaiti moja, iliyokubali kutoa rekodi mpya zilizofanywa kwa huo mtindo. Halafu 2006 wakatoa mashine moja, MZ-RH1, iliyoweza kutoa hata rekodi za zile diski za zamani. Lakini kufika 2006 sherehe ilikuwa imeisha, watu wako na iPod, na hiyo mashine moja ikageuka kuwa lulu ya kutafutwa na kila mtu aliyekuwa na boksi la diski chini ya kitanda.

Kampuni moja, roho mbili

Swali ni, mbona mtengenezaji wa mashine aikate mguu mashine yake mwenyewe? Jibu liko 1988. Mwaka huo Sony walinunua CBS Records, ambayo leo ni Sony Music. Kuanzia hapo, ndani ya nyumba moja kulikuwa na wale wa kuuza redio na wale wa kuuza nyimbo. Wa kwanza walitaka urekodi kila kitu. Wa pili walilala wakiota wewe ni mwizi.

Na hofu haikuwa ya Sony pekee. Marekani ilipitisha sheria 1992 iliyosema kila mashine ya kurekodi muziki kidijitali ilipiwe ada ya asilimia 2, na kila diski tupu asilimia 3, pesa iende kwa wanamuziki na makampuni ya muziki. Sheria hiyo hiyo ikaagiza mashine ziwe na kitu cha kuzuia nakala ya nakala. Yaani mnunuzi alilipa faini kabla ya kosa, halafu bado akawekewa kufuli juu.

Halafu 1999 Napster ikatokea na watu wakaanza kugawa MP3 bure, makampuni ya muziki yakapandwa na presha kabisa. NetMD ilizaliwa katikati ya hiyo hofu. Oktoba 2001, mwaka ule ule, Apple wakatoa iPod. Apple hawakuwa na kampuni ya kurekodi wasanii, kwa hivyo hawakuwa na mtu wa kuwalilia ofisini. iPod ilichukua MP3 vile ilivyo. Sony, waliobuni Walkman, waligoma hadi mwisho wa 2004 ndio wakaanza kutoa mashine za kucheza MP3 moja kwa moja.

Ukidhani walijifunza, ngoja. 2005 ilijulikana kwamba CD kadhaa za Sony BMG zilikuwa zinajificha ndani ya kompyuta za wateja, zikiweka programu ya siri ya kuzuia kunakili, na hiyo programu ikafungua mwanya kwa virusi. Ikawa ngori ya dunia nzima, kesi zikafuata, CD zikarudishwa kwa mamilioni. Na nani aliumia? Aliyenunua CD halali. Yule wa kudownload bure hakuguswa.

Wasee waliofungua

Sasa turudi kwa wadukuzi wetu. Kazi ilianza na watu wa Linux, ambao Sony hawakuwahi kuwatengenezea programu yoyote. Walirekodi mazungumzo kati ya SonicStage na mashine, wakapanga ni amri gani inafanya nini, wakaandika programu zao za kufanya hivyo hivyo. Kufika miaka ya hivi karibuni hiyo elimu ikazaa kitu kinaitwa Web MiniDisc, halafu ndugu yake mwenye misuli zaidi, Web MiniDisc Pro.

Uzuri wake ni kwamba huwekei kompyuta kitu. Unafungua Chrome, unachomeka mashine, unaburuta ngoma zako na kuachilia. Kugeuza MP3 kuwa ATRAC kunafanyika hapo hapo ndani ya brauza, kwa kompyuta yako. Windows, Mac, Linux, hata simu ya Android ukiwa na kale kawaya ka kuunganisha. Kuhesabiwa mara tatu kumeisha. Kushikanishwa na kompyuta moja kumeisha.

Hatua ya pili ndio inashtua. Baadhi ya Walkman za Sony ziko na amri za siri zilizowekwa kiwandani, za mafundi wa kampuni kupima mashine. Wadukuzi waligundua kwamba kupitia hizo amri unaweza kusoma na kuandika ndani ya memori ya mashine yenyewe. Kwa hivyo wanaingiza kakodi kadogo, na ile mashine iliyokuwa imefundishwa kusema hapana inaanza kumwaga data ya diski kupitia USB. Sauti inatoka vile ilivyoandikwa, bila kupitia tundu la hedifoni, bila kelele ya waya. Mlango wa kuingia tu umekuwa mlango.

Sasa ile rekodi ya nyanya inatoka. Haihitaji tena kutafuta MZ-RH1 kwa bei ya kuumiza. Inahitaji mashine ya NetMD ya aina inayokubali na mchana mmoja wa kukaa chini.

Na usidharau vitu viko kwa hizo diski. Juni 2019 Radiohead walitoa rekodi za saa 18 kutoka kwa MiniDisc za Thom Yorke za wakati wa kutengeneza OK Computer, albamu yao ya 1997. Zilikuwa zimevuja, na Jonny Greenwood akasema mtu aliyeziiba aliripotiwa kudai dola 150,000 ndio asizimwage. Wao wakaamua kuziuza wenyewe kwa pauni 18, kwa siku 18, pesa iende kwa wanaharakati wa mazingira. Hao walikuwa mastaa. Bendi ngapi ndogo ziko na mazoezi yao, nyimbo ambazo hazikumalizika, sauti za wenzao waliokufa, kwa diski ambazo mashine yake ilikuwa inakataa kuzitoa?

Lakini si huo ni wizi?

Hili swali ni la haki, na msanii wa Kenya ambaye ngoma yake inachezwa kila nganya na hapati kitu ako na haki ya kuliuliza kwa nguvu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi ya msanii. Marekani iko na yao ya 1998, ila huko kila baada ya miaka mitatu watu wanaweza kuomba ruhusa maalum kwa mambo kama kutengeneza na kuhifadhi. Kufuli kwenyewe si dhambi.

Ila kufuli ipimwe kwa kazi yake. Hii ya NetMD ilimzuia nani? Mwizi wa muziki wa 2001 hakuhitaji MiniDisc. Alikuwa na MP3 bure, rahisi, haina masharti. Aliyekutana na kufuli ni yule aliyenunua mashine, akanunua diski, akanunua CD. Na zaidi ya wote, yule aliyerekodi kazi yake mwenyewe. Huyo ndiye mwenye hakimiliki, jameni! Kufuli iliyowekwa kwa jina la kumlinda msanii ilimfungia msanii nje ya sauti yake.

Kisha kuna hili la muda. Kufuli ya nyumba ikiharibika unaita fundi. Kufuli ya kidijitali inahitaji aliyeiweka awe hai, awe na hamu, na awe na programu inayofanya kazi kwa kompyuta ya leo. Duka la muziki la Sony la mtandaoni, Connect, lilifungwa Marekani na Ulaya 2008. SonicStage ikaachwa. Mwenye ufunguo aliondoka na kufuli ikabaki mlangoni. Hapo mdukuzi anaacha kuwa mwizi wa usiku, anakuwa yule fundi wa Luthuli Avenue anayekufungulia simu ambayo kampuni ilisema haitengenezeki.

Tusiwafanye malaika pia. Kazi yao ina mipaka. Kodi haiwezi kufufua lesa iliyochoka, na zile betri bapa za Walkman za kitambo ni shida kupata. Diski tupu mpya za Sony ndio hizo zimeisha, kwa hivyo watu watazungusha za zamani. Pia mlango wao mpya unapitia Chrome na ndugu zake. Mozilla na Apple waliikataa hiyo teknolojia ya kuunganisha USB na tovuti kwa Firefox na Safari, wakisema ni hatari kwa usalama. Siku Google wakibadilisha nia, kazi inaanza upya. Tofauti ni kwamba safari hii kodi iko wazi kwa kila mtu, kwa hivyo kuna pa kuanzia.

Mbona ikuhusu wewe

Unaweza sema hizi ni shida za wazungu wa kukusanya vitu vya zamani. Cheki hii. Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Mwaka uliofuata huko Marekani waliuza kamashine ka kuwekwa kwa gari, Car Thing, karibu dola 90. Miezi michache baadaye wakaacha kukatengeneza, na Desemba 2024 wakakazima kabisa kutoka mbali. Mashine zilikuwa nzima, zinawaka, hazina ufa. Wateja waliambiwa wazitupe vizuri, na waliopiga kelele wakiwa na risiti wakarudishiwa pesa. Nani alizifufua? Wadukuzi tena.

Februari 2025, mwezi ule ule Sony wanazima MiniDisc, Amazon waliondoa njia ya kushusha vitabu vya Kindle kwa kompyuta na kuvihamisha kwa USB. Na tangu Januari 1 mwaka huo huo, jimbo la California linalazimisha maduka ya kidijitali kumwambia mteja ukweli: pale palipoandikwa "nunua", mara nyingi unapewa kibali tu, na kibali kinaweza kufutwa.

Tofauti kati ya MiniDisc na ngoma zako za leo ndio hii. Diski ilikuwa na kufuli mbaya, lakini ilikuwa mkononi mwa mtu. Ndio maana baada ya miaka 20 msee angeweza kukaa nayo mezani akaifungua. Ngoma zako za kustrimu ziko kwa nyumba ya mtu mwingine. Leseni ikiisha kati ya kampuni na msanii, inapotea usiku na hakuna mdukuzi atakurudishia, kwa sababu hakuna kitu mkononi cha kudukua. Zile enzi za kupeleka memori kadi saiba uwekewe ngoma zilikuwa na uharamia wake, na hatuwezi kuusifu, lakini kitu kilikaa kwako.

Kwa hivyo kama wewe ni msanii, rekodi zako za asili ziwe kwako, kwa diski mbili tofauti, kwa mtindo wa faili unaofunguka kwa programu yoyote. Usiziache kwa simu ya produsa wala kwa akaunti moja ya mtandaoni. Kama wewe ni msikilizaji, zile albamu chache ambazo ungelia zikipotea, zinunue kama faili ya kushusha, ili msanii apate doo na wewe ubaki na ngoma. Na kama mzae ako na kamashine ka MiniDisc mahali kwa droo, usikauze kwa wale wa vyuma kuukuu kabla ya kuangalia diski ziko ndani ni za nini. Saa hii zinafunguka.